Nozo za Subaru ya Turbo: Kubwa Kiasi Gani Zinakutosha?

Umeshaweka turbo kubwa kuliko ya kiwandani, ekzosi imefunguliwa mpaka nyuma, na sasa fundi anakwambia nozo zimefika mwisho, hazina tena cha kutoa. Hapo ndipo hela nyingi huanza kupotea. Mtu anaingia mtandaoni, anaona seti ya nozo nne zilizoandikwa cc 1000, bei inavutia, anaagiza. Zikifungwa, gari linavuta kweli barabara ikiwa wazi, lakini linazima kwenye foleni, asubuhi halitaki kuwaka, na ukichomoa kijiti cha kupimia oili unasikia harufu ya petroli. Kosa halikuanzia kwa fundi aliyezifunga. Lilianza pale namba iliyoandikwa kwenye boksi ilipochukuliwa kuwa ndiyo sifa ya nozo.

Nitazungumzia zaidi Subaru zenye injini ya EJ20, ile ya lita 2 yenye silinda nne zinazolala, kwa sababu ndiyo injini ya turbo ambayo vijana wa Nairobi, Arusha na Kampala wameizoea kuitengeneza. Ukiwa na Evo yenye 4G63 hesabu ni hiyohiyo. Ukiwa na Toyota ya 1JZ, utagawanya kwa sita badala ya nne.

Kabla ya hesabu yoyote, funua boneti ujue ulichonacho. Forester XT zilizotoka kuanzia mwisho wa 2012, na gari nyingine zenye FA20 ya turbo, hupuliza mafuta ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha inayozidi bar 100. Nozo zake ni za aina nyingine kabisa, na pampu yake ya presha ya juu huendeshwa na injini yenyewe. Kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa, Forester za turbo zilizoingia miaka ya karibuni ni za kundi hilo. Kama lako ni mojawapo, mengi yaliyo hapa hayakuhusu. EJ20 yenyewe iliendelea kuwekwa kwenye WRX STI za soko la Japani hadi 2019, kwa hiyo mwaka wa gari peke yake hautoshi kukuambia. Soma msimbo wa injini.

Sasa hesabu. Nozo hupimwa kwa cc za mafuta inazoweza kupitisha kwa dakika moja ikiwa imeachwa wazi muda wote. Injini ya turbo inayotumia petroli, mguu ukiwa chini kabisa, hula kama cc 6.2 kwa dakika kwa kila farasi mmoja. Isiyo na turbo hula cc 5 na kidogo. Turbo inakula zaidi kwa sababu mafuta ya ziada yanatumika kupoza, ili injini isianze kugonga na pistoni zisipasuke.

Tuseme unalenga farasi 300 kwenye injini yenyewe. Zidisha kwa 6.2, unapata cc 1860 kwa dakika. Gawanya kwa silinda nne, kila nozo inatakiwa itoe cc 465. Usikimbilie kununua za 465. Nozo haitakiwi kuwa wazi muda wote; inahitaji nafasi ya kufunga na kufungua kwa uhakika, na wewe unahitaji akiba. Panga isizidi asilimia 80 ya muda wake. Gawanya 465 kwa 0.8, unapata 581. Kwa farasi 350 hesabu inakupa karibu 680, na kwa 400 inafika 775. Angalia: farasi 400 kwenye EJ20 ni gari la hatari, pengine lenye gia boksi inayoomba msamaha, na bado cc 1000 haijahitajika.

Farasi hao ni wa injini. Kama umepimwa kwenye mashine inayosoma nguvu za magurudumu, namba uliyopewa ni ndogo kuliko ya injini, maana gia boksi, difu na shafti zote zinakula sehemu yao, na Subaru inayoendesha magurudumu manne inakula zaidi. Muulize fundi wa kutuni namba yake ni ya wapi kabla hujaiingiza kwenye hesabu. Na usilenge farasi wa ndoto. Magari ya mbio za dunia za enzi ya Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, yalilazimishwa kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34, na nguvu zake zilihesabiwa kuwa karibu farasi 300. Hao ndio farasi waliopita kwenye matope na vumbi la Kenya wakimaliza wa kwanza. Anayekuambia 300 ni kidogo kwa barabara ya Thika, muulize anaenda wapi.

Tukubaliane sasa kwamba unahitaji nozo za kati ya cc 550 na 700. Kuna jambo moja ambalo miongozo iliyoandikwa Ulaya na Marekani hailitaji sana, nalo kwetu ni kubwa: mwinuko.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa huko ni kama bar 0.83, Mombasa na Dar es Salaam ni bar 1.01. Turbo inayodhibitiwa kwa springi au kwa valvu ya mkono huongeza presha juu ya hewa iliyopo. Ukiwa umepanga bar 1 kwenye geji, injini ya Nairobi inapata jumla ya bar 1.83. Teremka na gari hilohilo hadi Mombasa bila kugusa chochote, geji bado inasoma 1, lakini jumla sasa ni 2.01. Hiyo ni hewa zaidi kwa karibu asilimia 10. Joto la pwani litapunguza kidogo, ila si lote. Sensa ya hewa itaona ongezeko, kompyuta itaagiza mafuta zaidi, na nozo iliyokuwa ikifanya kazi kwa asilimia 85 pale Nairobi itasogea kwenye 93. Iliyokuwa kwenye 92 itafika mwisho. Ikifika mwisho haipigi kelele wala kuwasha taa. Inabaki wazi, mafuta hayaongezeki, hewa inaendelea kuingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda na injini inaanza kugonga. Mtu anavunja pistoni baada ya Voi, kisha anasema petroli ya pwani ni mbaya.

Hali ni hiyo kwa anayeteremka kutoka Mbeya kwenda Dar, au kutoka Arusha kwenda Tanga. Kwa hiyo kama gari limetuniwa juu na unatarajia kulishusha, ongeza asilimia 10 kwenye hesabu ya nozo kabla ya kununua. Zile 581 zinakuwa 640. Mwambie na fundi wa kutuni kwamba gari litashuka baharini, ili naye apange presha na mafuta kwa hewa nzito ambayo haipo kwenye gereji yake.

Kwa upande mwingine, usiongeze kwa ajili ya ethanoli. Vijana husoma kwamba wenzao wa Marekani wanaweka nozo za cc 1000 na zaidi, wakasahau kwamba wengi wao wanatumia E85, mafuta yenye ethanoli nyingi, ambayo yanahitajika zaidi kwa karibu theluthi moja kwa nguvu ileile. Pampu za vituo vyetu haziuzi E85. Kununua nozo za mafuta usiyoweza kuyapata ni kulipia shida bure, na shida yenyewe ni hii ifuatayo.

Nozo ni mlango wa umeme. Kompyuta ikituma umeme, mlango haufunguki papo hapo; koili lazima ipate nguvu ya kuinua sindano iliyo ndani. Ucheleweshaji huo kwa kawaida ni karibu milisekunde 1 betri ikiwa na volti 14, na huongezeka volti zikishuka, kama wakati wa kupiga stata au usiku ukiwasha taa, feni na AC kwa pamoja. Kompyuta inatakiwa ijue ucheleweshaji wa nozo zako kwa kila volti, ili iuongeze kwenye muda inaouagiza.

Mguu ukiwa chini kwa mizunguko 7,000, injini inamaliza duru moja kwa milisekunde 17, na nozo iko wazi kwa zaidi ya 13. Ukikosea ucheleweshaji kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, hakuna atakayejua. Lakini tuseme injini inanguruma pole kwenye foleni, na nozo ya kiwandani ya cc 440 inahitaji milisekunde 2 za kutoa mafuta. Kosa lile dogo ni asilimia 5, na kompyuta italirekebisha yenyewe kwa kusoma sensa ya oksijeni. Weka nozo ya cc 1000. Muda wa kutoa mafuta unashuka hadi 0.88. Kosa lilelile sasa ni zaidi ya asilimia 11, na volti zikicheza linacheza nalo. Zaidi ya hapo, nozo nyingi kubwa zikifunguliwa kwa muda mfupi namna hiyo hazitoi mafuta kwa uwiano. Ukipunguza muda kwa nusu, mafuta hayapungui kwa nusu. Ni kama kutia chumvi kwa upawa: ugali wa harusi utaweza, chai ya mtu mmoja utaiharibu. Hiki ndicho chanzo cha magari yanayomisi kwenye taa za barabarani na kuvuta vizuri yakikimbia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni kama anazo data za nozo hizo: ucheleweshaji wake kwa volti tofauti na kwa presha tofauti, na jinsi zinavyotoa mafuta kwa muda mfupi. Cc zinafuata baadaye. Injector Dynamics ya Marekani imejijengea jina kwa kutoa majedwali hayo, na DeatschWerks nao hutoa. Nozo zao nyingi hujengwa juu ya umbo la Bosch EV14. Nozo za Denso zilizotoka kwenye STI yenyewe ni njia nyingine nzuri, kwa sababu watu wa Subaru wamezipima miaka mingi na namba zake zinajulikana. Zile za STI ya soko la Marekani ya 2004 hadi 2006 ni za cc 565, na kwa mwenye farasi 280 au 290 hazihitaji maneno mengi.

Ila kuna mtego hapo. Hizo za STI hulishwa mafuta ubavuni, sawa na za Impreza za miaka ya 90. WRX nyingi za baadaye hulishwa juu. Haziingiliani, reli ya mafuta na kikalio chake ni tofauti. Chomoa moja ya zako uipige picha, pima urefu wake na unene wa pete ya mpira ya juu, angalia soketi ya umeme ina umbo gani. Wauzaji wa vipuri wa Kirinyaga Road jijini Nairobi watakutafutia kinachofanana kwa macho, na kwa macho nozo nyingi zinafanana.

Chukua pia mita. Pima ukinzani kati ya pini mbili za nozo. Ukisoma omu 12 hadi 16, ni za ukinzani mkubwa, na kompyuta nyingi zinaziendesha bila shida. Ukisoma omu 2 hadi 5, ni za ukinzani mdogo, zinavuta umeme mwingi. Ukiziunganisha kwenye kompyuta iliyozoea ukinzani mkubwa bila boksi la rezista, utaunguza saketi za kuziendesha, na hapo utatafuta kompyuta nyingine. Kipimo hiki ni cha sekunde chache, na ni ajabu jinsi watu wanavyokiruka.

Namba ya cc nayo ina hila yake. Nozo inatoa zaidi presha ikiongezeka, ingawa si kwa uwiano wa moja kwa moja. Inafuata kipeuo cha pili. Nozo ya cc 550 kwa bar 3 itatoa kama 635 kwa bar 4. Muuzaji anajua hilo. Ile iliyotangazwa kuwa 1000 inaweza kuwa imepimwa kwa bar 4, na kwa bar 3 ambayo ndiyo kipimo cha kawaida ni 866 tu. Tangazo lisilotaja presha ya kipimo halijakuambia kitu. Wapo pia mafundi watakaokushauri upandishe presha ya reli badala ya kununua nozo. Kwa upungufu mdogo inafanya kazi, lakini pampu inaposukuma dhidi ya presha kubwa inatoa mafuta machache, na ucheleweshaji wa nozo nao unabadilika. Mimi ningeiweka kama njia ya kukusogeza wiki mbili ukisubiri mzigo, basi.

Pampu yenyewe usiisahau. Regyuleta hupandisha presha ya reli sambamba na turbo, kwa hiyo ukiwa na bar 1.2 za turbo, pampu inasukuma dhidi ya bar 4.2. Walbro ya lita 255 kwa saa inatosha kabisa kwa farasi 300, wanaohitaji kama lita 112 kwa saa. Badilisha na filta wakati uleule, na ujue kituo unachojaza. Kenya iliweka tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu yalikuwa yakichanganywa kwenye mafuta ya magari, na mafuta ya taa ndani ya petroli huifanya injini ya turbo igonge hata nozo zikiwa za dhahabu.

Kuhusu bandia: ziko nyingi, na kinachonisumbua zaidi ni zile za zamani zilizotobolewa tundu likapanuliwa. Zinatoa cc nyingi kweli, lakini mafuta hutoka kama mkojo badala ya ukungu. Injini yenye valvu mbili za kuingiza hewa kwa kila silinda inapenda nozo inayopuliza koni mbili, kila moja ikilenga valvu yake. Mafuta yakipiga ukuta hayachomeki vizuri. Asubuhi ya Julai kule Limuru utapiga stata mpaka betri ichoke, na petroli itateremka kando ya pistoni kuingia kwenye oili.

Dawa ni mashine ya kupimia. Gereji nyingi zinazosafisha nozo zinayo, ile yenye bilauri ndefu zilizosimama bega kwa bega na taa nyuma yake. Wapelekee seti yako hata kama ni mpya, na usimame pale. Waombe kwanza wazipe presha bila kuzifungua, wazitazame dakika moja: tone likining'inia kwenye ncha, nozo hiyo inavuja. Kisha waziachie wazi kabisa sekunde 30, ulinganishe vimiminika kwenye bilauri. Tofauti ya asilimia 2 kati ya iliyojaa zaidi na iliyojaa kidogo nakubali. Ikifika 5, rudisha. Halafu sema nao wafanye kipimo ambacho wengi hawakifanyi wasipoombwa: milisekunde 2 kwa kila mpigo, mipigo mingi mfululizo. Seti mbovu hujitambulisha hapo. Kwenye kipimo cha wazi zilikuwa sawa kama pacha, sasa bilauri moja iko nusu na jirani yake imepita alama. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hiyo ni mashine tu." Mwambie abadilishane nafasi nozo hizo mbili na apime tena.

Siku ya kufunga, toa presha kwanza: chomoa fyuzi ya pampu injini ikiwa imewaka, iache izime yenyewe. Pete za mpira ziwe mpya, zipakwe oili safi kidogo ili zisikatike zikiingia. Ukimaliza, washa swichi bila kupiga stata, rudia mara mbili tatu, upitishe kidole chini ya kila nozo. Petroli ikidondokea kwenye ekzosi yenye moto hutapata nafasi ya kujuta.

Usiendeshe gari kwenda kwa fundi wa kutuni kompyuta ikiwa na ramani ya zamani ya mafuta. Kompyuta bado inadhani nozo ni za cc 440 na itamwaga mafuta. Aje yeye, au akutumie ramani ya kuanzia. Kwenye Subaru nyingi za EJ kazi hii hufanywa kwa programu ya RomRaider na kebo ya Tactrix, na sehemu mbili za mwanzo kubadilishwa ni ukubwa wa nozo na jedwali la ucheleweshaji. Jedwali lile ulilomdai muuzaji ndilo linaloingia hapo. Fundi asiyeuliza data za nozo na kuanza kukisia kwa masikio, mlipe muda wake na uondoke.

Baada ya wiki, soma marekebisho ambayo kompyuta imejifunza. Yakiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini injini ikinguruma pole, na hivyohivyo kwenye mwendo wa kawaida, ucheleweshaji umepatiwa. Yakiwa mazuri kwenye mwendo lakini yameruka ikinguruma pole, ni jedwali la ucheleweshaji. Ukubwa wa nozo uko sawa. Ukishuka pwani mara ya kwanza, chukua kebo, mpe mwenzako kompyuta ya mapajani, na mrekodi muda wa nozo kwenye gia ya tatu sehemu iliyo salama. Ikizidi asilimia 90, punguza presha ya turbo mpaka urudi juu. Na zile za kiwandani usiziuze: zifunge kwenye mfuko na oili kidogo, kwani siku ukiuza gari mnunuzi atakuuliza ziko wapi.